Mbingu na Ardhi katika Picha Moja: Mafunzo kutoka Turkana

Katika familia nyingi za pwani yuko ndugu aliyepelekwa Turkana kikazi: mwalimu, muuguzi, dereva au mfanyabiashara. Picha anazozituma aghalabu hufanana: juu mbingu nyeupe inayong'ara, chini ardhi nyeusi, na waliosimama mbele hawatambulikani sura. Bibi huisogeza simu karibu na macho, kisha huuliza, "Hawa ni nani?"

Kasoro hiyo si ubovu wa simu. Jicho la mwanadamu huona kwa pamoja wingu linalong'aa na uso uliomo kivulini. Kamera haina uwezo huo. Hupima nuru yote iliyo mbele yake na kuchukua wastani. Mbingu ikitwaa nafasi kubwa, kamera hupunguza nuru, na vilivyo chini huingia gizani.

Lodwar: kila saa na mgao wake

Mji wa Lodwar, makao makuu ya Kaunti ya Turkana, uko kando ya Mto Turkwel, takriban nyuzi 3 kaskazini mwa ikweta. Adhuhuri jua huwa karibu na utosi, na vumbi huiacha mbingu tupu. Saa hiyo twashauri mbingu ipewe theluthi moja au pungufu, na ardhi ipewe iliyobaki. Ardhi ina mengi ya kuonyesha: vilima vya mawe, mchanga, na mikoma ya kando ya mto, mfano wa ile tuijuayo pwani. Wanawake wa Kiturkana husuka vikapu kwa majani yake, kama mama zetu wasukavyo ukili.

Jua likikaribia kuchwa, au mawingu ya mvua yakijikusanya, mgao hugeuka. Hapo mbingu yastahili theluthi mbili, na chini hutosha mti mmoja au ukingo wa kilima.

Kwa mwenye simu, njia ni nyepesi. Awashe mistari ya gridi katika mipangilio ya kamera, auweke upeo wa macho juu ya mstari mmojawapo wala si katikati, aguse kwenye kioo kile anachotaka kionekane, kisha atelezeshe kidole kuongeza au kupunguza nuru. Na watu wasimame pale jua linapowafikia usoni, lisiwe nyuma yao.

Kakuma: mbele ya picha ni uwanja wa mtu

Mwendo wa kilomita 120 hivi kutoka Lodwar hufika Kakuma, penye kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa mwaka 1992. Huko mapaa ya mabati hung'aa kama mbingu ya pili, na mpiga picha hulazimika kusogea pembeni au kusubiri jua lishuke.

Lakini liko jambo zito kuliko mng'ao. Picha nyingi za kambi hujaa mbingu na vumbi, na watu huwa vitone. Mtazamaji hudhani ni jangwa lisilo na wenyewe, ilhali wamo walimu, washonaji, wenye maduka na waumini waendao msikitini. Hao wastahili kusogezwa mbele na kuonekana vizuri, iwapo wameridhia.

Asiyeridhia ana haki yake pia. Mkimbizi huenda amewakimbia watu wanaomtafuta, na picha moja ikisambaa yaweza kuwafichulia alipo. Hapo lile giza tuliloliita kasoro huwa stara: mbingu ipewe theluthi mbili, watu wabaki vivuli, na mandhari isipungue uzuri.

Kwa hiyo, kabla ya kugawa mbingu na ardhi, tuombe idhini: ya wasimamizi wa kambi, na ya mwenye uso. Kwa mama aliye na watoto, swali aulizwe yeye kwanza, na jibu lake liheshimiwe hata kama nuru ya jioni inatoweka.

Tunawaomba wasomaji wawafikishie haya jamaa zao walioko Turkana.