Usikatishe dozi ya mseto: Malaria sugu ikifika nyanda za juu, mwili wako hauna kinga ya kuikabili

MTOTO ameamka na homa. Jana alicheza vizuri, leo mwili unachemka na hataki kula. Kabatini kuna vidonge vinne vya dawa mseto vilivyobaki pale baba yake alipougua baada ya kurudi kutoka Geita. Zahanati iko mbali, mvua imeharibu njia, na jirani anakuambia: “Mama, mpe hivyo hivyo, hiyo ni malaria.”

Kama unaishi Mbulu au Hanang, huenda umewahi kuwa katika hali hiyo. Kabla hujavitoa vidonge hivyo kwenye pakiti, jiulize mambo mawili. Je, homa hii kweli ni malaria? Na kwa nini baba yake alibakiza vidonge vinne?

Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayoamua kama dawa tunayoitegemea leo itaendelea kutuponya.

Dawa mbili tulizozipoteza

Wazazi wenye umri mkubwa wanaikumbuka klorokwini: uchungu wake mdomoni na mwasho uliomfanya mtu ajikune usiku kucha. Wengi waliiacha njiani kwa sababu ya mwasho huo. Ilitumika kwa miongo mingi, lakini kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990, tafiti zilizofanyika nchini zilionyesha kuwa ilishindwa kuwatibu karibu nusu ya watoto waliopewa. Mwaka 2001 Serikali iliiondoa katika matibabu ya malaria.

Ikaja SP, ambayo wengi waliijua kwa jina la Fansidar. Hii haikudumu. Ilipofika mwishoni mwa mwaka 2006, nayo iliachwa kama dawa ya kutibu malaria, ikabaki kwa ajili ya kuwakinga wajawazito wanapohudhuria kliniki. Nafasi yake ilichukuliwa na dawa mseto ya artemether na lumefantrine, yaani ALu, ambayo sote tunaiita mseto.

Imeitwa mseto kwa sababu ni dawa mbili ndani ya kidonge kimoja. Artemether inaua vimelea kwa kasi kubwa, lakini inaisha mwilini baada ya saa chache. Lumefantrine inafanya kazi taratibu na kubaki mwilini kwa siku kadhaa, ikimalizia vimelea vilivyosalia. Ya kwanza inafyeka, ya pili inang’oa visiki.

Anayekuwa sugu si mwili wako

Utawasikia watu wakisema, “Mwili wangu umeshaizoea mseto.” Hapana. Mwili hauizoei dawa. Kinachobadilika ni kimelea.

Kati ya mamilioni ya vimelea vilivyo kwenye damu ya mgonjwa, vichache vinaweza kuwa na mabadiliko ya vinasaba yanayovisaidia kuivumilia dawa. Dozi kamili inaviua au kuvipunguza mno. Nusu dozi inaua vile dhaifu na kuviachia nafasi vile vigumu. Ni kama kupalilia shamba la vitunguu saumu kwa kukata majani ya juu tu. Magugu yenye mizizi mifupi yanakufa, yenye mizizi mirefu yanarudi, na safari hii yana shamba zima.

Kisha mbu anakuja, anamuuma mgonjwa huyo na kubeba vimelea vigumu hadi kwa mtu mwingine. Ndiyo maana mtoto ambaye hajawahi kumeza kidonge hata kimoja cha malaria anaweza kuugua malaria sugu. Dozi iliyokatishwa na mtu mmoja inaweza kumdhuru mtoto wa nyumba ya pili.

Kinachoonekana Kagera

Hali hii haipo mbali nasi. Usugu dhidi ya artemisinini, kundi la dawa ambalo artemether imetoka, ulianza kuthibitishwa magharibi mwa Cambodia mwaka 2008. Mwaka 2020 watafiti waliripoti kuenea kwa vimelea vyenye usugu wa aina hiyo nchini Rwanda, na mwaka 2021 ikawa zamu ya Uganda. Hapa kwetu, utafiti uliofanyika Karagwe mkoani Kagera mwaka 2022, ukiongozwa na wataalamu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), ulikuta vimelea vyenye mabadiliko yale yale ya Rwanda. Baadhi ya wagonjwa walikuwa bado na vimelea katika damu siku ya tatu ya matibabu.

Usiogope kupita kiasi. Wagonjwa wa utafiti huo karibu wote walipona, na mseto bado ni dawa sahihi. Wataalamu wanauita usugu wa kiasi, kwa sababu artemether inafanya kazi, ila inachelewa. Lakini inapochelewa, mzigo wote unaiangukia lumefantrine. Nayo ikianza kushindwa, tutarudi tulikokuwa na klorokwini. Na dawa mseto zote zinazotumika sasa zinaitegemea artemisinini hiyo hiyo, kwa hiyo kuhamia aina nyingine ya mseto hakutuondoi kwenye tatizo.

Kwa nini Mbulu na Hanang wajali?

Utasema malaria si ugonjwa wetu. Ni kweli kwa kiasi kikubwa. Manyara ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi ya chini kabisa nchini. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 ulikuta chini ya mtoto mmoja katika kila 100 ana vimelea. Baridi ya miinuko ya Mbulu na miteremko ya Mlima Hanang haimpendezi mbu. Hatari ni kubwa zaidi kwenye maeneo ya chini yenye joto, kama Bonde la Yaeda na kandokando ya Ziwa Eyasi, hasa baada ya mvua.

Lakini uchache huo una upande wa pili. Mtu mzima aliyekulia Tabora au Geita ameumwa na mbu wenye vimelea mara nyingi, na mwili wake umejenga kinga kiasi. Anapomeza dawa, kinga hiyo inasaidia kumaliza kazi. Wewe wa Dongobesh au Katesh huna kinga hiyo, wala mwanao hana. Kwako dawa inapigana karibu peke yake. Ndiyo sababu huku kwetu malaria inaweza kumwangusha hata mwanamume mwenye nguvu zake aliyetoka machimboni, kuvuna au kuhamisha mifugo.

Pima kwanza

Homa nyingi za huku si malaria. Utafiti uliofanyika katika hospitali mbili za Moshi mwaka 2007 na 2008 unapaswa kumfikirisha kila mzazi wa kaskazini. Kati ya wagonjwa 870 waliolazwa wakiwa na homa, 528 waliambiwa wana malaria. Walipochunguzwa kwa kina, waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14 tu. Wengine wengi walikuwa na maambukizi ya bakteria kwenye damu, au magonjwa yatokayo kwa mifugo na wanyama wengine, ikiwemo brusela, ile homa inayowatupisha mimba ng’ombe na mbuzi. Katika wilaya za wafugaji kama zetu, hilo si jambo la kupuuza.

Ukimpa mseto mtoto mwenye nimonia, hutamponya. Utakuwa umempotezea siku tatu ambazo huenda hana.

Kipimo cha haraka cha malaria kinahitaji tone moja la damu na majibu hutoka ndani ya dakika 15 hadi 20. Katika vituo vya umma, kipimo na mseto hutolewa bila malipo. Mweleze muuguzi kama mgonjwa alisafiri wiki za karibuni na alikwenda wapi. Kipimo kikisema hakuna malaria, usilazimishe dawa. Uliza homa imetokana na nini.

Ukipewa mseto

Dozi hupangwa kwa uzito na humezwa mara sita ndani ya siku tatu. Mtoto wa kilo 5 hadi 14 humeza kidonge kimoja kila mara, kilo 15 hadi 24 viwili, kilo 25 hadi 34 vitatu, na kuanzia kilo 35 vinne. Kwa mtu mzima ni vidonge 24, na vyote vinapaswa kuisha.

Dozi ya pili humezwa saa nane baada ya ya kwanza. Ukianza saa 4 asubuhi, ya pili ni saa 12 jioni. Siku mbili zinazofuata meza asubuhi na jioni.

Meza pamoja na chakula chenye mafuta, kwa sababu bila mafuta lumefantrine haiingii vizuri mwilini. Maziwa yanatosha, au mboga iliyoungwa kwa mafuta. Mtoto akitapika ndani ya saa moja, anahitaji kurudia dozi hiyo. Rudi kituoni upewe vidonge vya kujazia.

Homa mara nyingi hushuka siku ya pili. Hapo ndipo wengi huacha, na hapo ndipo vimelea vigumu hubaki. Wala usibadilishe mseto kwa chai ya majani ya artemisia. Kiasi cha dawa ndani ya kikombe hakijulikani, na huwa kidogo mno kumaliza vimelea.

Homa ikirudi

Homa ikirudi ndani ya siku 28, usinunue mseto mwingine dukani. Rudi kituoni, useme ulitibiwa lini na kama ulimaliza dozi. Omba upimwe kwa hadubini, kwa sababu kipimo cha haraka kinaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa hata baada ya kupona.

Usisubiri hata saa moja ukiona degedege, kulegea, kupoteza fahamu, kupumua kwa shida, kutapika kila kitu, kushindwa kunyonya, viganja vyeupe au mkojo mweusi kama kahawa. Hiyo ni malaria kali au ugonjwa mwingine mzito. Inahitaji sindano na hospitali, na vidonge vya nyumbani havitoshi.

Turudi kwenye vile vidonge vinne kabatini. Vinne ni dozi moja ya mtu mzima: baba hakumeza ile ya sita. Usimpe mtoto. Mfunike mgongoni, mpeleke akapimwe, na mwambie baba naye aende akapimwe.