Kuku Mgeni Afungwe Kamba, Lakini Wapi?

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na wafugaji wa Usinge hawahitaji kuelezwa sababu. Mtetea akitoka mnadani hufungwa kwenye mguu wa kichanja cha vyombo siku mbili tatu hadi apazoee. Asiyelijua banda, jioni huishia kwa jirani au kwa kicheche. Kasoro ni mahali anapofungwa: katikati ya wenyeji, akila na kunywa nao chombo kimoja, tena hana pa kukimbilia wanapomdonoa.

Wengi wanaogopa huko kudonoana. Mimi naogopa zaidi tenga alimokuja. Usinge, wilayani Kaliua, iko kwenye reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914, katika ukanda uleule wa misafara ya kale ya Tabora na Ujiji. Mizigo inapopita, kuku nao hupita. Tenga moja huchanganya kuku wa kaya kadhaa, na mmoja akiwa na mdondo, wenzake wamekwisha kukanyaga kinyesi chake. Dalili huchukua siku 2 hadi 15 kujitokeza, mara nyingi 5 au 6. Kuku uliyemnunua Jumamosi akiwa mchangamfu anaweza kupinda shingo Ijumaa, na banda zima lisilochanjwa likamfuata.

Basi kamba ifungwe upande wa pili wa nyumba, kivulini, au bora zaidi mgeni apewe kibanda chake. Akae huko wiki 3, zisipungue 2. Wenyeji walishwe kwanza, yeye mwisho, na ndala za kuingilia kwake zisiingie kwa wengine. Mkague: makamasi, kope zilizovimba, kinyesi cha kijani, utitiri chini ya mbawa, viroboto waliong'ang'ania kuzunguka macho na upanga.

Chanjo ya mdondo aina ya I-2 hutengenezwa hapa nchini, Kibaha. Inavumilia joto kuliko chanjo nyingi, jambo kubwa kwa vijiji visivyo na jokofu. Ni tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi 3 hivi. Wachanje wenyeji wiki 2 kabla ya kwenda mnadani, kwa sababu kinga haijengeki siku hiyohiyo, wala chanjo haimwokoi kuku aliyekwisha kuambukizwa. Mgeni naye achanjwe akiwa bado peke yake.

Hatari hutoka pande zote mbili. Kuku aliyepona mafua anaweza kubaki na vimelea vyake maisha yote huku akionekana mzima kabisa. Mgeni akianza kutoa makamasi siku chache baada ya kuchanganywa, usiharakishe kuulaumu mnada.

Sasa ugomvi. Mwaka 1921 Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe alieleza kwamba kila kuku anajua nani amdonoe na nani humdonoa yeye. Mgeni hana nafasi katika mpangilio huo, kwa hiyo hulazimika kupimana nguvu na kila mmoja. Mpunguzie kazi: kwa wiki moja waonane kupitia wavu au fito bila kugusana, kisha ingiza wawili au watatu kwa pamoja ili vipigo vigawanyike. Pumba na mtama vimwagwe sehemu tatu, na maji yawe zaidi ya chombo kimoja, la sivyo mbabe atakalia chakula chote.

Kuna wanaomwingiza mgeni usiku. Inasaidia kidogo, kwani kuku haoni vizuri gizani. Lakini kukicha, mashindano yako palepale. Uwanjani mnyonge anaweza kukimbia, ndani ya banda hawezi, kwa hiyo mlango ufunguliwe alfajiri. Ukiona damu mtoe mara moja, maana wekundu huwavuta wengine waendelee kudonoa. Paka jeraha GV, na asirudi hadi likauke. Vifaranga wasubiri hadi wakaribie umbo la wakubwa.

Jogoo wa kuchi ni habari nyingine. Ukiwa na jogoo wako wa kienyeji kisha ukaleta kuchi, wavu wa wiki moja hautawapatanisha. Wanaweza kupigana hadi mmoja afe. Hapo uza mmoja, au jenga banda la pili kabla hujamlipa muuzaji.