Nyumba ya Zamani Inauzwa: Je, Tutaimudu?

Vijana wengi wakishaoana huanza maisha kwa wazazi, au katika chumba cha kupanga. Watoto wanazaliwa, mahali panakuwa padogo. Siku moja wanasikia kwamba jirani anahama, anauza nyumba yake ya zamani. Kuta zipo, kiwanja kipo, hata mwembe wa kivuli upo. Ila bati zimeoza na ukuta wa nyuma una ufa. Je, wainunue?

Ndugu wasomaji, bei anayotaja mwenye nyumba siyo bei yote. Bei yote ni hiyo pamoja na fedha za kuifanya nyumba ikalike kabla ya mvua. Tuchukue mfano. Hizi ni hesabu za kujifunzia tu. Bei za kweli ulizeni katika maduka ya kwenu.

Mume na mke wameuza mazao, wana shilingi 2,600,000. Nyumba inauzwa shilingi 2,000,000. Wanaona zitabaki 600,000, wanafurahi. Lakini kabla ya kulipa wanamwita fundi apande juu ya paa. Fundi anawahesabia. Bati 24 kwa shilingi 28,000 kila moja, ni 672,000. Mbao na misumari, 240,000. Saruji mifuko 10 kwa shilingi 18,000, ni 180,000. Ufundi 250,000. Jumla ya matengenezo ni shilingi 1,342,000. Ukiongeza bei ya nyumba inakuwa 3,342,000. Fedha zimepungua 742,000!

Asiyepiga hesabu hii hulipa kwanza, akaezua bati mbovu, halafu fedha zikamwishia. Mvua ikinyesha juu ya ukuta wa matofali mabichi, ukuta unayeyuka. Hapo nyumba imekwenda, na akiba nayo imekwenda.

Basi wafanyeje? Wachukue karatasi ya fundi wakazungumze na mwenye nyumba. Karatasi ile ina nguvu kuliko maneno matupu. Tuseme amekubali kupunguza mpaka 1,500,000. Bati 8 bado ni nzima. Wazibe matundu ya misumari, wazitumie upande wa jikoni. Wameokoa 224,000. Sakafu ya saruji ingoje msimu ujao, wanunue mifuko 6 tu kwa ajili ya msingi na ufa. Wameokoa 72,000. Sasa matengenezo ni 1,046,000, na jumla yote ni 2,546,000. Zinabaki 54,000.

Zimetosha, lakini kwa shida. Nyumba ya zamani ikishafumuliwa haikosi jambo la kushtua. Sisi tungewashauri waombe kulipa kwa mafungu mawili, nusu sasa na nusu baada ya mavuno. Na fedha za mbegu na za chakula zisiguswe kabisa. Rangi, lipu na dari vinaweza kungoja hata miaka mitatu. Paa, msingi na choo haviwezi.

Sasa tazameni nyumba yenyewe. Nendeni mvua ikinyesha, siyo wakati wa kiangazi tu. Ingieni ndani, fungeni mlango na madirisha, mtazame juu: kila penye mwanga pana tundu. Chomeni mbao kwa kisu. Kisu kikizama kama kwenye muhogo uliooza, mchwa wamekwishakula. Ufa mwembamba wa lipu si kitu. Lakini ufa unaoshuka kutoka pembe ya dirisha mpaka chini, na vidole vinaingia, maana yake msingi umetitia. Mkiwa na nafasi, wekeni alama ya penseli mwisho wa ufa na mwandike tarehe. Rudini baada ya mwezi mmoja. Kama ufa umepita alama, iacheni nyumba hiyo, hata kama bei ni ya kutupa.

Jambo jingine ni nani anayeuza. Kwa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mke, wala mke bila ridhaa ya mume. Kwa hiyo msizungumze na baba peke yake; mama naye asikike. Kama ni nyumba ya marehemu, mwulizeni muuzaji barua ya mahakama ya kumteua kuwa msimamizi wa mirathi. Ndugu mmoja akiuza kwa siri, wenzake watakuja kudai, na nyinyi mmekwishaezeka! Kama ardhi ni ya kijiji, pelekeni habari kwa halmashauri ya kijiji kabla ya kulipa, kwa maana Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri kazi ya kuidhinisha mtu anapomhamishia mwingine haki yake.

Mapatano yaandikwe: mipaka ya kiwanja, bei, fedha zilizolipwa, zilizobaki na tarehe ya kuzimaliza. Mume na mke wasome wote wawili, neno kwa neno, ndipo watie sahihi mbele ya mashahidi. Nakala moja ibaki kwa muuzaji, moja kwenu, na moja ofisi ya kijiji.