Fahamu: Mwosha maiti ni nani Unguja?

Ni anayemwosha na kumkafini Muislamu aliyefariki kabla ya sala ya jeneza. Kazi hiyo ni faradhi ya kutosheleza: wakiitimiza wachache, wengine wamesalimika.

Nyuma ya pazia

Maiti hulazwa kitandani, chini umechimbwa ufuo wa kupokea maji, na shuka haiondoki baina ya kitovu na magoti. Huanzwa upande wa kulia, mara tatu au zaidi kwa witiri (idadi isiyogawika kwa mbili), kwa maji ya majani ya mkunazi. Ya mwisho hutiwa karafuumaiti. Wanaume huosha wanaume, wanawake wanawake, ila mume na mke waweza kuoshana. Aibu aliyoiona mwosha haitoki nje, na hilo ndilo zito kuliko yote.

Sanda na kaburi

Mwanamume vipande vitatu, mwanamke vitano. Maiti hulazwa ndani ya mwanandani, shimo la ndani ya kaburi, kwa ubavu wa kulia, uso kaskazini, kiliko kibla.

Msiba wa bahari

Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilipozama, maiti zilipelekwa uwanja wa Maisara kutambuliwa. Aliyezama ni shahidi wa Akhera, lakini, tofauti na wa vitani, huoshwa na kusaliwa.