Nyundo Inavyokaza Chuma

Ukikosa koleo ya kukatia waya, unaukunja na kuukunjua palepale mpaka ukatike. Wengi hawajali kwamba kabla ya kukatika, pale mahali hukakamaa kwanza. Ukakamavu huo ndio unaoyapa nguvu masufuria na karai zinazofuliwa Kamukunji, Nairobi: bati linalopigwa likiwa baridi huzidi kuwa gumu kila linapoguswa na nyundo.

Sababu yake imo ndani ya metali yenyewe. Atomu zake zimejipanga safu kwa safu, na katika safu hizo mna kasoro ndogo ndogo zinazoteleza chuma kinapokunjwa. Nyundo huzizidisha kasoro hizo hadi zinazuiana njia. Wahunzi waliitumia elimu hii maelfu ya miaka kabla wanasayansi Taylor, Orowan na Polanyi hawajaieleza, kila mmoja kivyake, mwaka 1934.

Anayefua dele la shaba nyekundu hawezi kupiga mfululizo, maana shaba itapasuka. Hulirudisha motoni likawa jekundu, nalo likalainika, hata akilitumbukiza majini.

Pua, yaani feleji, haiko hivyo. Chukua springi kuukuu ya gari inayogeuzwa tindo. Kuipiga ikiwa nyekundu huipa umbo tu. Ugumu wake hautoki hapo. Fundi huipasha tena ncha mpaka iwe nyekundu ya kuiva, kiasi cha nyuzi 800 za Selsiasi, akaizamisha ghafla kwenye oili. Sasa ni ngumu mno, na ukiigonga inavunjika kama kioo.

Hapo ndipo fundi wa kweli anapojulikana. Huisugua kwa msasa ing'ae, akaipasha polepole huku akiitazama rangi: kwanza manjano hafifu, kisha hudhurungi, kisha zambarau. Ikifika zambarau, karibu nyuzi 280, huizima papo hapo. Akizubaa ikawa ya buluu, makali yatajikunja kwenye zege. Kichwa cha tindo hakikazwi kamwe, kwa sababu kikiwa kigumu hurusha vipande vinavyoweza kumtoa mtu jicho. Kazi hii yote hufanywa kwa macho, bila kipimajoto, na naona haipewi heshima inayostahili.

Kwa hiyo ukienda kununua tindo la kufuliwa, muulize fundi kama alilirudisha motoni baada ya kulizamisha, na alilizima kwenye rangi gani. Akikujibu bila kusita, mlipe bei yake.