Kiswahili katika Muziki wa Mchezo wa Kompyuta: Mfano wa « Baba Yetu »

Mnamo Oktoba 2005, kampuni ya Marekani iitwayo Firaxis Games ilitoa mchezo wa kompyuta Civilization IV. Kila aliyeufungua alipokewa na picha ya dunia ikizunguka angani, na kwaya ikiimba kwa Kiswahili. Wimbo huo, « Baba Yetu », una maneno ya sala ya Bwana; lahani yake ilitungwa na Mmarekani Christopher Tin. Bila shaka wengi waliousikia hawakuelewa maneno yake. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi muziki wa namna hiyo unavyotungwa na kurekodiwa, na kuonyesha kwamba lugha, hata pale inapotazamiwa kuwa sauti tu, humwekea mtunzi masharti yake.

1. Kutunga bila kujua mwisho

Katika mchezo wa mkakati wa kihistoria, mchezaji hutawala taifa: hujenga miji, hufanya biashara, hupigana vita. Katika Civilization IV safari huanza mwaka 4000 K.K. na kufika nyakati zetu. Mchezo mmoja waweza kuchukua saa nyingi, na muda wake hauamuliwi na mtunzi wa muziki. Mtunzi wa sinema hupewa tukio lililokwisha kupimwa kwa sekunde. Huyu wa mchezo hajui mchezaji ataondoka lini. Kwa hiyo muziki wake sharti uweze kurudiwa bila masikio kushtuka pale mwisho unapokutana na mwanzo, usichoshe ukisikika mara mia, na tena udokeze zama ambazo mchezaji amefikia.

Njia za kutimiza hayo ni mbalimbali. Civilization IV iliazima kazi za mabwana wa muziki wa Ulaya na Marekani: nyimbo za kanisa kwa Zama za Kati, kisha Bach na Mozart, hadi John Adams kwa nyakati za sasa. Civilization VI, iliyotolewa mwaka 2016, ilifuata njia nyingine: Geoff Knorr na wenzake waliipa kila nchi lahani yake, wakaipanga mara nne, kuanzia ala chache za kale hadi okestra kubwa ya zama za viwanda na za atomiki. Ufalme wa Kongo, ukiongozwa na Mvemba a Nzinga, ni miongoni mwa nchi hizo.

Wimbo wa ufunguzi una kazi tofauti. Husikika kabla historia haijaanza, mchezaji akiwa bado hajachagua taifa. Hivyo hautakiwi kulisifu taifa lolote, bali binadamu wote. Kazi hiyo alipewa Tin, aliyewahi kukaa chumba kimoja na mbunifu mkuu wa mchezo, Soren Johnson, walipokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford.

2. Neno na lahani

Maneno ya sala yalirekebishwa kwa ajili ya wimbo na Chris Kiagiri. Urekebishaji wa namna hii si jambo dogo, kwani kila lugha huja na sheria zake za sauti.

Lugha nyingi za Kibantu zina toni. Katika Lingala, « moto » ni mtu. Toni ya silabi ya mwisho ikipanda, « motó » ni kichwa. Lahani ikipanda mahali ambapo neno linashuka, msikilizaji aweza kusikia neno lisilokusudiwa. Tatizo hilo lilizikumba nyimbo nyingi za wamisionari zilizotiwa katika lahani za Ulaya. Kiswahili hakina toni ya namna hiyo; lahani yaweza kupanda na kushuka bila kugeuza maana ya neno.

Hata hivyo uhuru huo una mpaka, nao ni mkazo. Isipokuwa katika maneno machache, hasa yenye asili ya Kiarabu, mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, tena huhama neno linaporefushwa: PENda, penDAna, pendaNEni. Mtunzi akitumia fungu lile lile la muziki kwa maneno haya matatu, pigo zito litaangukia silabi isiyostahili. « Baba » na « yetu » humrahisishia kazi, kwa sababu kila moja lina silabi mbili, nzito kisha nyepesi.

Kuna pia silabi zisizo na irabu. Katika « mtu », sauti « m » ni silabi kamili na ndiyo yenye mkazo. Lazima ipewe noti yake. Mwimbaji asiyeijua lugha huimeza, au huiongezea irabu. Msemaji wa Kongo atatabasamu hapa, kwa maana yeye husema « mutu » au « muntu », na umbo hilo huimbika kwa urahisi zaidi. Yale yanayoitwa makosa ya Kiswahili cha kwetu huenda, mbele ya kipaza sauti, yakawa faida.

3. Kurekodi mara mbili

Mwaka 2005 wimbo uliimbwa na Talisman, kundi la wanafunzi wa Stanford. Kwa albamu Calling All Dawns ya mwaka 2009, yenye nyimbo 12 katika lugha 12, uliimbwa upya na Soweto Gospel Choir ya Afrika Kusini pamoja na okestra ya Royal Philharmonic ya London.

Kwa desturi, katika kazi za aina hii, si lazima kwaya na okestra zikutane. Kila upande waweza kurekodiwa peke yake, waimbaji wakisikia masikioni mapigo ya kuwaongoza, kisha sauti zote huchanganywa studioni. Hapo ndipo matamshi hupimwa. Aliyezoea Kiingereza huelekea kuzifisha irabu zisizo na mkazo na kuivunja « e » iwe sauti mbili. Aliyezoea Kizulu au Kisotho hukutana na irabu tano za Kiswahili bila taabu. Kosa ambalo mtu mmoja angelificha, kwaya nzima ikilirudia, hulikuza.

4. Rangi au neno?

Tarehe 13 Februari 2011, « Baba Yetu » ulikuwa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa video kupata tuzo ya Grammy. Heshima hiyo haifuti swali moja: je, Kiswahili kilisikika kama lugha, au kama rangi tu ya Afrika?

Historia ya Kongo inatoa mfano wa kulinganisha. Mwaka 1958, huko Kamina, Katanga, iliimbwa Missa Luba iliyopangwa na Padre Guido Haazen: maneno yalikuwa ya Kilatini, lahani zikatoka kwa wenyeji. Mwaka 1968, Sanctus yake ilisikika katika sinema ya Kiingereza If...., mbali kabisa na altare. « Baba Yetu » ni kinyume chake: maneno ni yetu, lahani imetoka nje. Lakini mwisho unafanana, kwani sala zote mbili zimesafiri hadi kwa wasikilizaji wasiojua zilikotoka.

Tena, katika Civilization IV hakuna taifa la Waswahili la kuchagua. Lugha iliimba mlangoni, lakini ndani haikupewa nyumba.

Lawama peke yake haitabadili jambo hilo. Watunzi wataendelea kuazima lugha, na kila mara watahitaji mtu wa kuwaambia mkazo uko wapi, « m » ni silabi au si silabi, na neno hili husemwaje Mombasa, Bukavu au Lubumbashi. Kazi hiyo yahitaji isimu, na isimu hufundishwa vyuoni. Mwanafunzi wa Kiswahili anayesikiliza « Baba Yetu » akiwa na kalamu mkononi, akipima kila silabi dhidi ya pigo lake, amekwisha kuianza.