Dar hadi Tanga kwa Matanga, Usiku Mmoja: Kweli au Si Kweli?

Kusi likishashika, wafanyakazi wenza hukaa wakapanga: Ijumaa jioni tutoke Dar es Salaam kwa chombo cha matanga, tuchukue wageni wawili watatu, Jumamosi asubuhi tunywe chai Tanga. Safari hiyo ni tamu, na asiyewahi kuionja amekosa kitu. Lakini yanayosemwa kuihusu ni mengi, na baadhi yake yanaweza kuua. Tuyapime.

1. "Umbali huo hauishi kwa usiku mmoja."
Si kweli. Ni kama maili 105 za baharini. Chombo chenye mwendo wa maili 6 au 7 kwa saa hupata msaada wa aina mbili: upepo wa kusi unaokisukuma kutoka nyuma, na mkondo wa pwani yetu, ambao huelekea kaskazini mwaka mzima na huongeza kasi wakati wa kusi. Ukivuka maili 8 kwa saa, saa 13 zinatosha: unatoka saa 11 jioni, kunakucha uko karibu na Tanga.

Kazi iko kwenye kurudi, maana utabisha upepo na mkondo kwa pamoja. Hata kaskazi likivuma, likupeleke kusini, bado linagongana na mkondo, na bahari huinuka kwa mawimbi mafupi yaliyosimama wima. Mgeni anayetakiwa kazini Jumatatu akatiwe tiketi ya basi mapema.

2. "Tanga kubwa ndilo linalofikisha haraka."
Si kweli. Upepo ukizidi, chombo hulala ubavu, usukani huwa mzito na mwendo hupungua. Nahodha mzuri hupunguza tanga jua likiwa bado halijazama, kila mtu akiona kamba aliyoishika. Kuhangaika na tanga gizani, wageni wakiwa wamejaa njiani, kunapoteza muda na kunavunja watu mikono.

3. "Mkubwa wa ofisini ni mkubwa hata chomboni."
Si kweli. Mkishapanda, mwenye kauli ni nahodha, hata kama kazini yeye ni karani na abiria wake ni mkurugenzi. Ndiye wa kukataa mkurugenzi anapotaka kuongeza mgeni wa dakika ya mwisho. Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama usiku ikielekea Pemba, ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake. Msiba ule uliingia nyumba nyingi za visiwani.

Nahodha ndiye pia wa kupanga zamu, na asiye na zamu alale kweli. Anayekesha akipiga soga saa 4 usiku ndiye anayesinzia kwenye usukani saa 10 alfajiri.

4. "Jaketi la kuokolea maisha ni la asiyejua kuogelea."
Si kweli, na hili ndilo linalonikera kuliko yote. Chombo kinachokwenda maili 7 kwa saa hukata zaidi ya mita 200 kwa dakika. Kabla hamjageuza, mwenzenu aliyeanguka yuko mbali gizani, kichwa chake kidogo kama dafu kati ya mawimbi. Kujua kuogelea hakumfanyi aonekane; jaketi lenye taa na filimbi ndilo litakalomsaidia. Giza likiingia kila mtu alivae, na anayekwenda omo ajifunge kamba kwanza.

5. "Asiyekula hatapiki."
Si kweli. Kichefuchefu huja kwa sababu sikio la ndani linahisi mwendo ambao macho hayauoni. Tumbo tupu huongeza mateso. Ale chakula chepesi, akae nje, atazame upeo wa bahari. Dawa inywewe kabla ya kung'oa nanga.

6. "Nyota humwongoza mshika usukani."
Kweli, ila si Nyota ya Kaskazini. Kwetu, kusini mwa ikweta, hiyo iko chini ya upeo. Usiku wa kusi tazama Msalaba wa Kusini: mstari wake mrefu ukiurefusha mara nne na nusu, unaielekea ncha ya kusini ya anga. Ukiwa nyuma ya bega lako, unakwenda kaskazini. Dira ithibitishe.

7. "Meli lazima ipishe chombo cha matanga."
Nusu kweli. Kanuni za kimataifa za mwaka 1972 zinasema hivyo kwa bahari ya wazi. Katika mlango mwembamba wa bandari, wewe ndiye usiizuie. Jifunze taa: nyekundu ni ubavu wa kushoto wa meli, kijani ni wa kulia. Ukiziona zote mbili kwa pamoja, inakujia. Na wavuvi wa ngalawa huenda wasiwe na taa kabisa, kwa hiyo mtu mmoja abaki omo akiangaza macho.

8. "Ukiwahi kufika, ingia."
Si kweli. Mbele ya Tanga kuna miamba ya matumbawe, na gizani haionekani. Subirini nje mpaka kama saa 2. Mnaingia mkielekea magharibi, jua likiwa mgongoni: maji ya kina ni buluu nzito, mwamba ni wa rangi ya kahawia. Saa mbili za kungoja si kuchelewa. Safari ya haraka ni ile iliyowafikisha wote.